Chupa ya maji ya ziwa na kiti cha Mkurugenzi

Shikamoo Mama,

Safu yako nimeisoma miaka mingi, na nikiri, niliwahi kuwacheka wanaoandika kwamba hawajui waanzie wapi. Leo barua hii nimeianza mara nne. Naomba usitaje jina langu wala chuo ninachofundisha. Sisi wanasayansi wa nchi hii tunajuana kama watu wa mtaa mmoja.

Nina miaka 45. Ni mwanabaiokemia, Profesa Mshiriki katika chuo kikuu kimoja hapa Tanzania. Nimeolewa, tuna watoto wawili, mkubwa ameingia kidato cha tano mwaka huu.

Nimezaliwa kijiji cha wavuvi kando ya Ziwa Victoria, upande wa Mwanza. Baba alikuwa na mtumbwi mmoja na malalamiko mengi: furu wamekwisha, sangara kawala wote, maji si yale ya zamani. Sisi watoto tuliyaona ni maneno ya wazee. Mwaka 1993, nikiwa darasa la tano, magugu maji yakaziba mwalo wetu wote, ukitazama kwa mbali unadhani ni shamba. Mtumbwi ulikaa nchi kavu siku tisa. Upepo ulipogeuka na kuyasukuma magugu, maji yakabaki ya kijani, mazito kama mlenda, yananuka. Mbuzi wawili wa jirani walikunywa pale jioni, asubuhi wamekakamaa. Ikasemwa ni mkono wa mtu.

Mimi nilichota yale maji kwenye chupa ya soda, nikaificha uvunguni. Kulipokucha nikaitoa. Ule ukijani wote ulikuwa umepanda juu, umeganda kama pete kwenye shingo ya chupa, na chini maji karibu meupe. Nikatikisa, yakachanganyika. Kesho yake ukijani umepanda tena. Nilikaa na chupa ile juma zima, najiuliza ni kitu gani hiki kisicho na mikono wala miguu kinachojua njia ya kwenda juu. Mama alipoiona alinichapa, akaimwaga.

Mwaka 1997, nikiwa kidato cha pili, wakaja watu wa mradi na mabeseni ya fukusi, wadudu wadogo wanaokula magugu maji, wakawamwaga ziwani. Wazee walicheka sana. Kisha ikaja mvua ya El Niño, na mwaka uliofuata magugu yalikuwa yamepungua kwa kiasi ambacho hakuna aliyetegemea. Hapo ndipo nilipoamua. Nikachukua PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia, nikaenda Dar es Salaam kwa shahada ya kwanza, na baadaye Ulaya kwa uzamivu.

Chuoni, siku moja mhadhiri akachora ubaoni kiumbe wa chembe moja, bakteria wa kijani anayekua kwenye maji yenye mbolea nyingi. Ndani akachora vifuko vidogo vya hewa, akasema kuta zake ni protini tupu, na ndivyo vinavyomfanya aelee kuufuata mwanga. Nilitokwa machozi nikiwa nimekaa mstari wa nyuma. Miaka kumi na kitu nilikuwa nikiisubiri ile chupa inijibu.

Tangu hapo kazi yangu ni sumu ambayo baadhi ya bakteria hao huitoa, maikrosistini. Huingia kwenye ini na kubana vimeng'enya vinavyolinda umbo la chembe zake, zikasambaratika. Kuchemsha maji hakuiondoi. Kuchemsha kunampasua yule bakteria, na sumu iliyokuwa ndani yake inamwagika kwenye sufuria. Mama yangu alikuwa mwanamke msafi, hakuwahi kutunywesha maji ambayo hayajachemka. Alifariki mwaka 2016 kwa ugonjwa wa ini. Siwezi kuthibitisha lolote, Mama. Homa ya ini ipo, sumukuvu ya kwenye mahindi na karanga ipo. Kama mwanafunzi wangu angeniletea hitimisho la namna hiyo ningelikata kwa kalamu nyekundu. Lakini nalifikiria kila siku.

Sasa shida yenyewe. Mwezi uliopita Makamu Mkuu wa Chuo aliniita, akasema kamati imenipendekeza niwe Mkurugenzi wa Utafiti. Miaka mitatu, inayoweza kuongezwa mara moja. Kuna posho ya madaraka, gari, na sauti kwenye vikao ambavyo mpaka leo mimi husikia maamuzi yake tu. Mume wangu amefurahi kuliko mimi, ameshaanza kupiga hesabu za ada.

Kuna mambo matatu yananikosesha usingizi. La kwanza, maabara. Nina wanafunzi wanne wa uzamivu. Wenzangu waliopanda ofisi za juu wamegeuka watu wa kusaini vibali vya safari.

La pili, mezani kwa kurugenzi hiyo kuna mkataba unasubiri saini. Kampuni moja yenye kiwanda kando ya ziwa inataka kutujengea maabara mpya, pamoja na mashine ya kupima uzito wa molekuli, ileile ambayo kwa kuikosa nalazimika kutuma sampuli nje na kusubiri miezi minne. Lakini kifungu kimoja kinasema matokeo yoyote yapelekwe kwao kwanza, na wanaweza kuyazuia hadi miezi 24. Naamini mfereji wao unachangia ule ukijani. Nikikataa cheo, anayefuata kwenye orodha atasaini siku ya kwanza. Nikikubali, kalamu itakuwa mkononi mwangu na chuo kizima kitanitazama.

La tatu ni baba. Ana miaka 79. Nilipomweleza alinyamaza, akaendelea kushona wavu, kisha akaniuliza: "Wewe ulisomea maji, au ulisomea gari?" Sijampigia simu tangu siku hiyo.

Na jambo dogo tu. Nilipokuwa kijijini, mtoto wa kaka yangu, yuko darasa la nne, alikuja na ndoo akaniuliza, "Shangazi, haya ya leo tunaweza kunywa?" Nikamjibu tunayachunguza. Nimechapisha makala 31 kuhusu ziwa lile, na hilo ndilo jibu nililokuwa nalo.

Wanataka jibu langu kabla ya mwisho wa mwezi. Nikubali au nikatae?

Binti wa Mvuvi


MAJIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa mama yako. Naanza na hilo kwa sababu wewe umelipitisha katikati ya barua kama mtu anayepita na mzigo akiomba asiulizwe kilichomo, na mimi nimeuona.

Niseme nilivyokuelewa, unisahihishe nikikosea. Mtoto aliyeficha chupa uvunguni alijiapia kwamba atajua ndani ya yale maji mna nini. Amejua. Ameitwa sasa akae kwenye kiti ambacho mwenyewe hana hakika kama kinamsogeza ziwani au kinampeleka mbali. Akikaa, anaogopa kupoteza mikono yake ya maabara na kusaini karatasi ya aibu. Akikataa, karatasi itasainiwa na mwingine na yeye atabaki na usafi wake. Na baba amesema neno. Ndivyo?

Mwishoni umeniuliza ukubali au ukatae. Sitakujibu hilo, na si kwa kukukwepa. Mwenye kuamka saa kumi usiku na hilo jibu kifuani ni wewe. Ila nimeisoma barua yako mara tatu, na kuna mahali nimekwama.

Nimekwama kwanza kwenye maabara. Umeandika mengi kuhusu chupa ya mwaka 1993, nikaiona kabisa ile pete ya kijani. Kuhusu maabara ya leo umeandika mstari mmoja, na ndani yake kuna wanafunzi wanne. Je, mara ya mwisho wewe mwenyewe kuingia ziwani na chupa ya sampuli ilikuwa lini? Sikusemi. Nimeishi na mwalimu mkuu miaka 34, najua jinsi mtu anavyotolewa darasani kidogo kidogo, leo kikao, kesho ripoti, na akija kupewa ofisi rasmi anahuzunika kuacha chaki ambayo aliiacha zamani. Inawezekana unachokiogopa kupoteza kimeshaanza kupotea bila cheo chochote. Kama ndivyo, kukataa ukurugenzi hakutakirudisha. Na kama sivyo, kama bado unashika vyombo kwa mikono yako na unarudi nyumbani unanuka dawa za maabara, basi hofu yako ina msingi na usimruhusu mtu akucheke.

Najua unasubiri nimtaje Wangari Maathai, yule Mkenya wa kupanda miti. Sisi waandika ushauri tukikutana na mwanamke msomi na mazingira hatuna jina jingine. Haya, namtaja, lakini si kwa sababu uliyozoea. Mwaka 2004 alipopokea Tuzo ya Amani ya Nobeli kule Oslo alisimulia kijito cha karibu na kwao, alivyokuwa akiona mayai ya vyura akadhani ni shanga, akijaribu kuyashika. Chupa yako na shanga zake ni ndugu. Watu humsimulia kana kwamba alitupa chuo akaenda kwenye miti. Haikuwa hivyo. Mwaka 1976 alikuwa mkuu wa idara ya anatomia ya mifugo pale Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka uliofuata ndipo alipoanza kupanda miti na akina mama, huku bado akifundisha. Miaka kadhaa alibeba vyote viwili. Halafu mwaka 1982 akajiuzulu ili agombee ubunge, akaenguliwa, na chuo kikakataa kumrudisha. Hadithi yake kwa hiyo inakata pande zote: kiti na kazi ya moyo vinaweza kukaa nyumba moja, na kiti hakimkumbuki aliyekikalia.

Tuje kwenye mkataba, maana hapa nadhani umejifunga kwa kamba uliyoisuka mwenyewe. Umeandika kana kwamba kuna saini au hakuna saini. Mimi si mwanasheria, lakini nimeona mikataba ya kutosha kujua kwamba kifungu kabla ya kusainiwa ni maneno tu, watu wanaweza kuyarudisha mezani. Miezi 24 inaweza kuwa miwili. Haki ya kuzuia inaweza kuwa haki ya kusoma na kutoa maoni. Na yanayogusa afya ya watu yanaweza kutolewa nje ya kifungu kabisa. Labda kampuni itakataa, na hapo utakuwa umejua mashine ile ilikuwa zawadi au ilikuwa kufuli. Hatari yake ni kwamba Makamu Mkuu wa Chuo anaweza kuona umeanza kazi kwa kufukuza mfadhili, na miaka mitatu ni mirefu kukaa na bosi aliyekununia.

Na mwanangu, umeandika "naamini mfereji wao unachangia". Neno hilo kwa mtu wa kazi yako limenishtua. Kuhusu ini la mama yako ulijizuia, ukasema mwanafunzi ungemkatia kwa kalamu nyekundu. Kuhusu mfereji hukujizuia. Umeupima? Kama umeupima na una namba, uko pagumu, kwa sababu unakwenda kuongoza ofisi itakayopokea fedha za watu ambao una ushahidi juu yao. Huo ni mgongano wa maslahi hata kama nia yako ni safi, na ungefaa uutamke kwa maandishi mapema na kuomba mtu mwingine aushughulikie mkataba huo. Kama hujaupima, jiulize kwa upole kwa nini. Pengine ni fedha. Pengine ni ruhusa. Pengine, naomba usinikasirikie, ni kwamba adui ambaye hajapimwa ni rahisi kumbeba.

Wapo watakaokushauri ukaimu kwanza, uonje. Ningekuwa mwangalifu na hilo. Anayekaimu hulaumiwa kama mwenye ofisi na husikilizwa kama mgeni, na mkataba kama ule hupenda sana kusainiwa wakati wa kukaimu.

Njia nyingine ni kukubali kwa masharti: siku moja ya wiki iwe ya maabara, wanafunzi wako wanne wapewe msimamizi mwenza kuanzia sasa na si watakapokwama, jambo la kampuni lisipite kwako. Kama utaichagua, yaandikwe kabla ya barua ya uteuzi. Ahadi za mdomoni ofisini huondoka na aliyezitoa. Na hata zikiandikwa, ile siku moja italiwa na vikao usipokuwa mkali, na ukiwa mkali utaitwa una dharau. Wanaume wenzako wakilinda siku yao wanaitwa watafiti makini. Hilo unalijua kuliko mimi.

Kukataa nako kuna heshima yake, usikubali kuambiwa ni woga. Maprofesa wanaobaki benchini hadi nywele zimeota mvi ndio wanaokuza wengine. Lakini ukikataa, kataa kwa sababu ya kazi unayoitaka, usikatae ili usije ukalaumiwa. Mkataba utasainiwa vilevile, na wanafunzi wako watazuiwa miezi 24 vilevile, na wewe utakuwa mtu wa kulalamika kwenye korido. Ungeweza kuishi na hilo? Wapo wanaoweza, na si watu wabaya.

Mume wako sitamgusa sana. Kupiga hesabu za ada si kosa, mtoto wa kidato cha tano anakula. Ila naona umemwandikia mstari mmoja na baba yako umemwandikia aya. Kaa naye, umweleze unachokipoteza, si unachokipata tu. Huenda hajui kwamba kuna kitu cha kupoteza.

Baba, sasa. Wewe umeisikia hukumu. Mimi nimesikia swali. Mzee wa miaka 79 aliyeona furu wakiisha, aliyekaa nchi kavu siku tisa mtumbwi ukipasuka kwa jua, anamuuliza binti yake alisomea nini. Huenda anakusuta. Huenda pia hajui kabisa Mkurugenzi wa Utafiti hufanya nini, na gari ndiyo sehemu pekee ya habari yako aliyoweza kuipiga picha. Ulimweleza kuhusu mkataba? Ulimweleza kuhusu kifungu cha miezi 24? Wavuvi wanajua sana habari za watu wanaozuia njia ya majini. Mpigie simu, au bora uende. Usiende kujitetea. Kaa naye kwenye wavu umsikie alimaanisha nini, maana sasa hivi unaamua jambo la miaka mitatu kwa sentensi moja ambayo hujamuuliza maana yake.

Nimebakiza kile ulichokiita jambo dogo.

Barua yako yote inauliza utakaa wapi, benchini au ofisini. Mtoto wa kaka yako aliuliza kitu kingine, na jibu lake halimo kwenye sehemu yoyote kati ya hizo mbili. Makala 31, mwanangu. Nahisi zote ni za Kiingereza, na kati ya waliozisoma hakuna hata mmoja anayechota maji pale mwaloni. Sisemi hili kukuumiza. Najua kupanda cheo chuoni huhesabiwa kwa makala, hakuna anayepewa uprofesa kwa kuongea na wanawake wenye ndoo. Najua pia hofu ya mwanasayansi, kwamba ukisema mapema utatia watu kiwewe na huna bomba la kuwapa. Lakini ulipokuwa darasa la tano ulikuwa na chupa ya soda na usiku mmoja, ukaona ukijani ukipanda. Hukuwa na mashine. Ile chupa, unavyoieleza, si aina ya kipimo ambacho mtoto wa darasa la nne anaweza kukifanya kabla ya kuchota? Kisiwe cha kuthibitisha sumu, kiwe cha kumwambia leo usichote hapa. Wewe ndiye utakayesema kama nimekosea.

Najiuliza, bila kujua, kama sehemu ya uzito unaousikia ni kwamba vyeo vyote viwili, ulicho nacho na unachopewa, vimekuruhusu kuendelea kusema "tunayachunguza". Na kama mama yako yumo humo ndani. Alikuwa akichemsha maji kwa juhudi, na hakuna aliyekuwa amemwambia. Wewe wakati huo ulikuwa mtoto, kisha mwanafunzi, kisha uko Ulaya. Hukuwa umemficha. Hilo naomba ulisome mara mbili.

Nami nina la kukiri. Nimezaliwa Musoma, na miaka yangu yote nimeamini maji yakichemka yamekwisha kuwa salama. Jana jioni, baada ya kusoma barua yako, nilimpigia simu mdogo wangu aliye kule. Anachota ziwani bomba likikatika, kama wengine. Nikamweleza kuhusu ukijani, kuhusu sufuria, kuhusu ini. Akanisikiliza mpaka mwisho, nikasikia anahamisha kitu jikoni, kisha akaniuliza: "Sasa dada, tufanyeje?"

Nikamwambia nitamuuliza mwenyewe anayejua. Kabla mwezi haujaisha, ukiwa umekubali au umekataa, niandikie cha kumwambia, mistari mitano inatosha, kwa Kiswahili. Nitaichapa hapahapa.

Mama wa Safu